Mganga Mwenye Helmeti

Mganga alifika kwa pikipiki, manyoya ya kuku yakichungulia chini ya helmeti. Siku nyingine Rhoda angecheka hadi akae chini, lakini leo hakuthubutu. Mganga huyo alikuwa Cornel, mjomba wake, dereva wa bodaboda wa Mhunze, asiyejua hata dawa ya mafua.

Ndani, mtoto wa Rhoda, wa siku nne tu, alikuwa ameshikwa tena. Mkono wa kulia ulirukaruka, macho yamekwama upande mmoja, midomo ikifyonza hewa. Ilikuwa mara ya tano tangu asubuhi. Rhoda aliushika ule mkono taratibu. Haukutulia.

Shangazi Justa alikuwa ameshatoa hukumu mapema, huku akipepea kinyesi cha tembo juu ya makaa kumfukiza mtoto. "Hii ni degedege. Hospitali hapana. Mtoto wa degedege akichomwa sindano, mnarudi na maiti."

Alikuwa dada mkubwa wa baba mkwe, na katika ukoo ule akisema amesema. Ignas, mume wa Rhoda, alikuwa chini ya ardhi, mgodini Bulyanhulu, hapatikani kwa simu. Rhoda alimgeukia mama mkwe wake akitafuta huruma, akaambulia patupu.

"Umemsikia shangazi," Mama Ignas alimkaripia. "Chukua ndoo ukateke maji. Na usikimbilie kurudi."

Ndoo mbili zilikuwa zimejaa pomoni pale mlangoni. Rhoda alikwenda hivyo hivyo, akilia njia nzima, kwa sababu kisimani ndiko mahali pekee penye mtandao. Huko ndiko alikompigia Cornel, ambaye shangazi hakuwahi kumwona, aje kama mganga.

Sasa Cornel alikizunguka kitanda mara tatu, akapiga chafya kwa ule moshi, akakunja uso.

"Dawa yangu haishiki hapa," alinguruma. "Inashika njia panda ya Mhunze tu. Mtoto aletwe na mama yake na bibi mzaa baba. Wengine msitufuate."

Rhoda alisubiri maswali. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa kumhoji hata mchungaji katikati ya mahubiri. Ajabu, leo hakuuliza swali. Aliingia chumbani, akatoka na furushi kubwa la kanga.

"Dawa za ukoo," alimwambia shangazi Justa. "Asiguse mtu."

Shangazi akaridhika.

Wakapanda pikipiki mshikaki, mtoto kifuani kwa Rhoda, furushi mapajani kwa bibi yake. Walipofika njia panda ya Mhunze, Cornel aliipita kama hajaiona. Rhoda alifumba macho akisubiri kelele nyuma yake. Hakusikia ila upepo. Alipofumbua, walikuwa getini hospitalini.

Muuguzi alimpokea mtoto, akamtoa tone la damu kisiginoni, akamwita daktari. Rhoda aliegemea ukuta akisali kila sala aliyoijua. Alimhofia mtoto, kisha akamhofia mama mkwe aliyekumbatia furushi pembeni yake, kisha akarudi kumhofia mtoto.

Hatimaye muuguzi alitoka akitabasamu. "Sukari yake ilikuwa imeshuka sana. Tumeipandisha, na kule kutikisika kumekoma. Mmewahi. Mtalala hapa siku chache tumwangalie. Naomba kadi ya kliniki."

Rhoda alijipapasa bure. Kadi ilikuwa nyumbani. Angeichukuaje bila kushtukiwa?

Mama Ignas aliliweka furushi kwenye benchi, akafungua fundo polepole. Kadi ya kliniki ilikuwa juu kabisa. Chini yake zilikuwamo nepi, kibeseni, chupa ya chai, vikombe viwili na shuka la kulalia wodini.

"Nilikutuma kisimani tangu saa mbili, mayu," alimwambia Rhoda, akimkabidhi muuguzi kadi. "Nikaanza kudhani na huko mtandao umekata."