Taa wa Kinyozi

Taa wa Kinyozi alinunuliwa sokoni alfajiri, Kinyozi mwenyewe akiwa bado anakoroma.

Waliomnunua samaki huyo walikuwa wawili: Mshonaji, ambaye ni shemeji yake, na Makanika, mwenye boti. Muuza samaki alikuwa ameshaung'oa ule mwiba wa mkiani, usije ukamchoma mteja. Wakamlaza taa ndani ya boksi la barafu, wakalifunika kwa magunia na kulisukuma nyuma ya boti, karibu na injini. Njia nzima kutoka sokoni Makanika alikuwa akicheka mpaka ikabidi asimame ajishike ukutani.

Haukuwa ubaya. Tangu waanze kwenda baharini pamoja, Kinyozi hakuwahi kuvua hata dagaa. Wenzake wakirudi na taa, yeye anarudi na ndoana safi, chambo kimeliwa chote. Ndiyo maana walimwita Mfadhili. Sasa alikuwa ameapa mbele ya dada yake, mke wa Mshonaji, kwamba leo akirudi mikono mitupu, mshipi anaugawa na baharini hakanyagi tena. Na boti ile bila Kinyozi ingekuwa nini? Yeye ndiye aliyewachekesha mpaka wakasahau jua. Mshonaji alishajiona yeye na Makanika, Jumapili nzima, wanatazamana kama watu waliopanga foleni ya kung'olewa jino.

Kwa hiyo walipanga hivi. Mshonaji angemwita Kinyozi mbele ya boti, wahangaike na kamba ya nanga. Huku nyuma Makanika auvute mshipi wa Kinyozi, amtundike taa kwenye ndoana na kumshusha taratibu mpaka chini. Akimaliza, akohoe.

Mshonaji alipiga kwenye kamba fundo la makusudi, kisha akaomba msaada. Kinyozi aliufunga mshipi wake kwenye ubao wa kukalia, akaja huku akisema kwamba sasa ameelewa kwa nini suruali zake humpasukia msikitini na harusini: fundi mwenyewe anashindwa na fundo. Wakainama, wakavuta, wakabishana. Nyuma yao Makanika, kikombe cha chai mkononi, akakohoa. Akakohoa tena, na tena, hadi machozi yakamtoka. Mshonaji aliona mwenzake anatia chumvi, lakini muhimu ni kwamba kazi imekwisha.

"Shemeji, hebu kautazame mshipi wako," alisema.

Kinyozi aliushika, na papo hapo akapiga magoti.

"Yupo," alisema kwa sauti ndogo. "Jamani, yupo."

Akavuta. Akapeleka. Akavuta tena, miguu ameikaza ubavuni mwa boti, huku akiwatangazia kwamba anakwenda, sasa amegeuka, sasa amejibandika mchangani kama mfuniko. Mshonaji aling'ata mkono wa shati asiangue kicheko. Taa ni mzito hata akiwa mfu, na mkondo wa maji siku hiyo ulikuwa na nguvu. Mtu ambaye hajawahi kuvua atajuaje tofauti? Akamtupia jicho Makanika. Makanika alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, chai inammwagikia mapajani, anatikisa kichwa kama aliyeona jini. Miaka yote hiyo Mshonaji hakujua kwamba rafiki yake ni mwigizaji. Akamkonyeza apunguze.

Hatimaye taa akatokea, mpana, tumbo jeupe. Walipomwingiza, Kinyozi alirukaruka kwa furaha, boti ikayumba, na taa naye akarukaruka pamoja na boti, maji yakawalowesha wote. Kinyozi akamwangukia kwa kifua, akashika rungu akampiga kichwani mpaka akatulia. Mshonaji alishindwa. Alijilaza juu ya kamba akacheka hadi mbavu zikamuuma, maana shemeji yake alikuwa anaua maiti. Kinyozi hakujali. Alivua shati, akauviringisha mkia nalo kwa makini kama alivyowaona wao wakifanya kila mara, akawaonya wajihadhari na mwiba, wao wana watoto bado wadogo. Hapo Mshonaji akaanza kucheka upya.

Kisha Kinyozi akakaa kando ya samaki wake, kifua wazi, akalia.

"Hayawi hayawi, leo yamekuwa," alisema, akijifuta pua kwa kiganja. "Shemeji, mshipi siugawi. Mtanichoka."

Mshonaji alimkumbatia. Alifurahi kweli, lakini aibu nayo ilimshika, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi na soko lina midomo mingi. Njia nzima ya kurudi, huku Kinyozi akiimba na kusimulia upya jinsi samaki alivyogeuka, yeye aliwaza jambo moja tu: shemeji yake asijue, hata iweje.

Walipofika nchi kavu, Kinyozi alimbeba taa kichwani na kwenda zake kumwonyesha dada yake. Alimsimamisha kila aliyekutana naye, na sauti yake ilisikika mpaka majini, akiwakataza watu wasiuguse mkia.

Mshonaji alimvuta Makanika nyuma ya boti.

"Hii tutazikwa nayo," alimnong'oneza. "Lakini ndugu yangu, unajua kuigiza. Na kile kikohozi!"

Makanika hakucheka.

"Nilisema nimalizie chai kwanza," alijibu. "Nikapaliwa."

Akayaondoa magunia, akalifungua boksi. Taa wa sokoni alikuwa amelala juu ya barafu, vilevile walivyomlaza alfajiri.