Filimbi Yenye Kamba ya Kijani

Mlango wa uani ulisukumwa mara ya pili, na mwiko ukamponyoka Bi Sikudhani. Ilikuwa saa nane mchana, yuko peke yake, na hakuwa akitarajia mgeni.

"Nani?"

Komeo likaanza kutikiswa, polepole.

Akaikamata filimbi iliyoning'inia shingoni mwake. Yeye ndiye katibu wa umoja wa wakazi. Ndiye aliyezigawa filimbi hizo nyumba kwa nyumba, zote za bati, zote na kamba ya kijani. Mkutanoni alisema, "Jamani, ukisikia ya jirani, puliza yako, halafu toka mbio. Mwizi hana filimbi hii. Ni sisi tu."

Akapuliza kwa nguvu zake zote.

Ng'ambo ya ukuta, redio ya jirani ikazimwa. Basi. Hakuna aliyetoka. Akapuliza tena mpaka pumzi ikamwishia.

Safari hii filimbi moja ilimjibu, kali kama yake.

"Alhamdulillahi," alinong'ona, machozi yakimtoka.

Kisha akatambua ilikotoka. Kwenye mwanya wa mlango wa uani, karibu na komeo, kamba ya kijani ilikuwa ikipepea.