Sungura Aliyejinyonyoa

Alikuwako Sungura jike, mwoga, ambaye alikuwa hajazaa bado. Mfugaji alimwekea bandani sanduku lenye nyasi kavu, naye akashangaa: la nini? Kesho yake akajikuta anajinyonyoa manyoya ya kifuani kwa meno yake mwenyewe. Hakuelewa kwa nini, wala hakuweza kuacha.

Jogoo, mjuaji wa ua mzima, akachungulia.

"Dada, umepatwa na upele! Hapa tunafugwa tuliwe, na mgonjwa huchinjwa mapema asije akaambukiza wenzake. Yatupe hayo manyoya kabla mfugaji hajayaona."

Sungura akayabeba mdomoni hadi kwenye wavu wa banda, ayatupe nje. Mdomo ukagoma kuyaachia. Akarudi akayatandaza sandukuni huku akilia, asijue anachokifanya.

Alfajiri ilikuja na baridi kali. Jogoo alipochungulia tena, aliona manyoya yanatikisika. Chini yake walilala watoto wachanga, uchi, macho hayajafunguka, lakini wana joto.

"Kumbe ulijua!" akasema.

"Mimi sikujua, kaka," akajibu Sungura, bado amechanganyikiwa. "Aliyejua ulikuwa wewe, uliyesema ni upele."

Jogoo akageuka, akaenda zake bila kuwika.