Shimo la Mbele ya Duka la Mikate

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mazoezi kabla ya safari ya baiskeli ya kufungua msimu, na binti wa kinyozi ndiye aliyeongoza kundi. Miaka yote mbele alikaa baba yake. Alipofariki, seremala, rafiki yake wa tangu ujana, alimwambia binti, "Mwanangu, nafasi ile haina mwenyewe ila wewe."

Alivaa glavu za marehemu. Zilimpwaya. Ya kushoto mzee aliikata ncha ya kidole cha shahada kwa mkasi wa kazini, ili walio nyuma wakione vizuri kila anapowaonyesha kokoto au shimo. Walio nyuma huona migongo tu.

Harufu ya mikate ikamfikia. Mbele ya duka lile palikuwa na shimo lililomng'oa baba yake meno mawili, naye akawa analisalimia kwa matusi kila Jumapili.

Mkono ukashuka wenyewe, kidole kikaonyesha chini, akakwepa.

Ndipo akaona lami mpya, nyeusi, laini kama kidevu kilichotoka kunyolewa. Shimo lilishazibwa. Aibu ikampanda mpaka masikioni, akageuka kuwaomba radhi wenzake.

Seremala alikuwa ameshusha mkono, kidole chini. Nyuma yake mwalimu, naye vivyo hivyo. Wakakwepa mmoja mmoja, hakuna aliyepakanyaga.

"Mbona hakuna shimo?" akauliza mgeni aliyekuwa wa mwisho.

"Lipo," seremala akajibu bila kugeuka. "Wewe kwepa tu."