Seli za Profesa Pampu

Hivi wewe umeshawahi kuona seli za moyo zikidunda zenyewe ndani ya kisahani, bila mtu, bila kifua?

Mama wa maabara aliziona kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyezikuza, akazibadilishia maji ya chumvichumvi, akazilaza kwenye kabati la joto kama vichanga. Makala saba zimeshatoka kuhusu seli hizo. Jina lake halimo hata katika moja, na hajawahi kuuliza.

Asubuhi ya wageni wafadhili alifika mapema. Akakuta simu ya Profesa inachajiwa ukutani, karibu na kabati. Akaguna, akaichomoa, akamwekea mezani. Akashughulika huku na huku, mwisho akabandika plasta kwenye kona ya skrini kubwa ya hadubini. Profesa alipouliza, akajibiwa pameingia ufa kidogo.

Profesa, ambaye wanafunzi walimwita Pampu, akaanza hotuba yake ileile ya kila mwaka, isiyobadilika hata kikohozi. Kwamba kila seli ya moyo ina pampu zake, zinatupa nje sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Kwamba pampu ina breki, protini ndogo iliyoikalia kooni. Homoni ya hofu ikifika, breki inaachia, pampu inachapa kazi, moyo unakwenda mbio bila kuzama kwenye chumvi yake. Hapo akamtania mkwewe asiyekuwepo, akakohoa, akadondosha homoni kisahanini. Kuchungulia hadubini hakuchungulia. Tumbo lilishamkataza kuinama siku nyingi.

Kwenye skrini, seli zikaanza kudunda upesi upesi. Wageni wakapiga makofi.

"Seli nzuri hivi anazikuza nani?" akauliza mkubwa wa wageni, bibi mmoja mwenye miwani.

"Mimi mwenyewe," akasema Profesa. "Huyu mama ananioshea vyombo tu."

Mama wa maabara akajifuta mikono kwenye koti lake. Akaenda kwenye skrini, akaibandua ile plasta taratibu. Chini yake palikuwa na tarehe ya mwaka jana.

"Za leo zimekufa, Profesa. Ulichomoa kabati ukachaji simu," akasema. "Hii ni video ya wageni wa mwaka jana, na hizo seli nilizikuza mimi. Naomba niandikwe jina."