Kaa Kwanza

Simu zote zilikuwa ndani ya kikapu juu ya meza, na iliyokuwa ikiita ilikuwa ya mwalimu mwenyewe. Wanafunzi wake wa Kiingereza, watu wazima kumi na mmoja, waliangua kicheko, maana sheria ya kuzima simu darasani aliiweka yeye.

Mwalimu Mwanakombo hakucheka. Aliyepiga ni Ami Badi, ndugu wa marehemu baba yake. Tangu Mwanakombo aje Ulaya, miaka minne sasa, Ami hakuwahi kupiga. Alikuwa akibipu mara moja tu, kisha akingoja apigiwe. Leo simu iliita mpaka ikakatika, ikaanza tena.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama hajambo?"

Ami alikohoa. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi, na mtu akiagiza majamvi yaongezwe.

"Uko na nani hapo?"

Mwanakombo alilijua swali hilo. Kwao haliulizwi na mwenye habari njema. Akawatazama wanafunzi wake. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Niko na watu," alisema.

"Vizuri. Kaa kwanza, mama."

Darasani hakuna aliyejua Kiswahili, lakini Marta, fundi cherehani mstaafu aliyekaa mbele, alikuwa ameshainuka na kumsogezea kiti chake.

Mwanakombo alikishika kiti kwa nyuma, akakikamata kwa nguvu. Hakukaa.

"Umeshakaa?" Ami aliuliza.

"Bado, Ami," alisema. "Bado kidogo."