Baiskeli Ikifika

Tangu magari yapigwe marufuku kwenye milima ya Upare, njia za msituni ni za baiskeli zinazojiendesha, na sheria ni moja: baiskeli ikifika, mgeni amefika.

Jioni hiyo ilifika ya kijani, tupu, kiti kimelowa ukungu. Namsifu aliwapigia wasimamizi wa njia.

"Mgeni wenu hayupo!"

"Baiskeli imefika, mama?"

"Imefika, lakini..."

"Basi mkaribishe."

Nyumba isiyokaribisha wageni hufungiwa njia, na bila njia huendi soko wala hospitali. Namsifu akapakua makande, akaiweka sahani mbele ya usukani, kisha akatandika kitanda. Hakuthubutu kuutazama msitu. Mumewe, Elisante, alikuwa ameingia humo kwa baiskeli tangu asubuhi kumtafuta mgeni wa jana, ambaye baiskeli yake nayo ilikuja tupu.

Kengele ikalia uani. Ile ya Elisante angeijua hata usingizini. Akatoka mbio.

Baiskeli ilisimama yenyewe mlangoni, tupu. Aligusa kiti, bado kilikuwa na joto.

Simu ikaita. "Mama, mzee amerudi salama. Umemkaribisha?"

Namsifu aliutazama mwiko mkononi mwake.

"Nimemkaribisha," alisema, akaenda kupakua sahani nyingine.